Goti la Filomena

Kila Jumanne saa kumi alasiri
mama huacha korosho juu ya mkeka,
hunawa mikono kwa maji ya Mitema, kikombe kimoja, si zaidi,
maana maji ya Newala hupandishwa mlima kwa mashine
na hutufikia yamechoka kuliko sisi.
Kisha hushika njia ya Shimo la Mungu.

Haendi kusali. Ukimwuliza atakujibu,
"Nakwenda kumtibu Filomena."
Filomena ni mdogo wake. Yuko Mueda, ng'ambo ya Ruvuma,
goti limemvimba tangu masika.
Mama husimama pale ardhi inapokatika ghafla,
huvua kandambili, hunyosha viganja kusini,
viganja vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda,
na hasemi kitu.
Dakika kumi. Mbuzi za watu humpita.

Mimi ni mpima damu, hospitali ya wilaya.
Kazi yangu ni kuona kisichoonekana, lakini kwa darubini,
na nikikiona nakihesabu, nakiandika, natia sahihi.
Nilimwambia: "Mama, hapa na Mueda kuna mto,
kuna mpaka, kuna askari wa nchi mbili,
kilomita themanini hata ungekuwa ndege.
Hiyo nguvu yako inapita wapi?"
Akabangua korosho moja, akanitupia.
"Maji ya Mitema yanapita wapi?"
"Kwenye bomba."
"Umeliona?"
"Limefukiwa, mama."
"Haya."

Sikushindwa. Nilinyamaza tu.

Walivuka pamoja wakati wa vita,
usiku, mabegani kwa baba yao,
huyu bega la kulia, yule la kushoto.
Mama anasema maji yalipomfika baba kidevuni
walishikana mikono juu ya kichwa chake,
na hakumbuki waliachiana lini.
Nimelitafuta hilo la kuachiana
katika masimulizi yake yote. Halimo.

Mwezi wa kumi ukaja mnada.
Jumanne ile foleni ya mzani ilifika barabarani,
mama akarudi usiku, vumbi hadi kwenye nyusi.
Ukingoni hakwenda.
Nikasema moyoni: sasa tutaona.

Alhamisi simu ikaita, namba ya ng'ambo,
sauti ya Filomena ikija na kupotea
kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.
Goti limenywea.
Tangu lini?
Tangu Jumanne.
Nikamgeukia mama kwa furaha mbaya,
furaha ya mpimaji aliyenasa kosa la mwenzake:
"Jumanne hukwenda!"

Filomena akasikia. "Hakwenda wapi?"
Ikabidi tumweleze.
Kimya, salio likiyeyuka.
Halafu akacheka hadi akakohoa.
"Dada! Na mimi kila Jumanne nakaa kizingitini
nakutibu mgongo.
Juzi nilikaa sana, jua likazama nami nimekaa,
niliposimama ndipo nikakumbuka kwamba nina goti."

Mama akajipapasa kiuno taratibu
kama mtu anayetafuta ufunguo.
"Kumbe," akasema. "Ndiyo maana gunia lile
nilijitwisha mwenyewe."

Hapo sina hesabu.
Magoti huvimba, magoti hunywea,
na watu wamebeba magunia tangu dunia iumbwe.
Siandiki kitu. Sahihi yangu sitii.

Ila leo asubuhi, kabla ya kuweka kioo chini ya darubini,
damu ya mtoto wa Kitangari, simjui,
jina lake limefutika nusu kwa jasho la aliyemleta,
nimejikuta nimekifunika kioo kwa kiganja.
Si muda mrefu.
Mpaka kikapata joto.
Kisha nikaanza kuhesabu.